Asili ya Watu: Wahaida, Wamaori na Sisi wa Pwani



Vijana wetu wa darasa la kumi hapa Lawrence Heights walipewa kazi shuleni: wawalinganishe Wamaori wa New Zealand na Wahaida wa Kanada kwa kuzitazama ngano ambazo kila taifa hujieleza kwazo lilikotoka. Wakatuletea daftari zao siku ya Jumamosi, kama wanavyotuletea hesabu na sarufi. Baadhi ya wazazi waliuliza, tena kwa haki, mtoto wa Kiislamu ana haja gani ya kujua kwamba watu wa kwanza walitolewa kombeni na kunguru. Tuliwajibu kuwa swali la mtu wa kwanza sisi tumekwisha kujibiwa, na jawabu letu ni Nabii Adam, aliyeumbwa kwa udongo. Ngano hizi, tukizisoma vizuri, zinajibu swali jingine, lile ambalo watoto wetu huulizwa darasani na katika basi karibu kila juma: ninyi mmetoka wapi, na hapa mmekaa kwa haki gani?

Basi tukaenda nao makumbusho. Kutoka kituo cha Lawrence West hadi kituo cha Museum ni treni moja, hakuna kubadilisha. Mwenye kushuka pale huzikuta nguzo za jukwaani zimevishwa, tangu mwaka 2008, sura za kale za Misri, Mexico, Uyunani na China, na baina yao sura ya dubu ya Wawuikinuxv, watu wa pwani ya magharibi ya Kanada. Ndani ya Makumbusho ya Kifalme ya Ontario, katika mapito ya ngazi, zimesimama nguzo za mwerezi zilizochongwa na Wanisga'a na Wahaida katika karne ya kumi na tisa. Iliyo ndefu kuliko zote, ya Wanisga'a, ina mita 24 na nusu; mtu hupanda ghorofa kwa ghorofa akitazamana uso kwa uso na ndege, wanyama na watu waliokaliana vichwani. Kijana mmoja alinong'ona akiuliza kama ni masanamu yaliyokuwa yakiabudiwa. La. Nguzo hizi ni nasaba. Kila umbo ni alama ya ukoo, na mjuzi huzisoma kama mzee wa kwetu asomavyo silsila: fulani bin fulani bin fulani, mpaka afike kwa yule aliyeshuka chomboni.

Wahaida ni watu wa visiwa vya Haida Gwaii, karibu na mpaka wa Alaska, nao hawana habari ya kushuka chomboni. Husimulia kwamba maji ya gharika yalipokupwa, Kunguru alikuwa akitembea peke yake katika ufuko wa Naikoon, ncha ndefu ya mchanga iliyo kaskazini-mashariki ya visiwa hivyo, akasikia sauti ndogo ndani ya kombe kubwa. Akachungulia, akaona viumbe vidogo vimejibana kwa hofu. Akawabembeleza kwa maneno matamu, maana Kunguru wa hadithi hizo ni laghai kama sungura wetu, na mmoja mmoja wakatoka. Bill Reid, mchongaji ambaye mama yake alikuwa Mhaida, alikichonga kisa hiki kwa mti wa mwerezi, na kazi hiyo imewekwa Vancouver tangu mwaka 1980. Picha yake ilichapwa nyuma ya noti ya dola ishirini iliyotolewa mwaka 2004, ile ya karatasi iliyotangulia hii ya plastiki. Wengi wetu tulinunua mchele na nyama kwa noti ile kwa miaka minane bila ya kuigeuza.

Mhaida, kwa hiyo, hasemi kwamba alikuja. Alipotokea ndipo alipo. Mwaka 1862 ndui iliingia pwani ile, na watu waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wakawa, mwanzoni mwa karne ya ishirini, hawafiki elfu moja visiwani mwao. Vijiji vilibaki na nguzo bila watu, na nguzo nyingi zikachukuliwa kupelekwa makumbusho za mbali, zikiwamo za Toronto tulizozipanda ngazi. Katika hali hiyo, majira ya baridi ya 1900 kuingia 1901, mzee aliyeitwa Skaay alikaa akamsimulia mtafiti John Swanton hadithi za Kunguru kwa Kihaida, nazo zikaandikwa neno kwa neno. Hatusemi kuwa hadithi peke yake ndiyo iliyowarudishia nchi yao. Mwaka 1985 wazee wao walilazimika kukaa barabarani kuzuia ukataji wa miti katika kisiwa cha Lyell, wakakamatwa. Lakini visiwa vilirudishiwa jina la Haida Gwaii mwaka 2010, na Aprili 2024 serikali ya British Columbia ilitia saini mapatano ya kuitambua haki ya Wahaida juu ya ardhi ya visiwa vyote.

Wamaori ni watu wa namna nyingine. Wao wanakiri mchana kweupe kwamba walikuja kwa bahari, kutoka nchi iitwayo Hawaiki, na wataalamu wanaona walifika New Zealand katika karne ya kumi na tatu au karibu na hapo. Mmaori akisimama hadharani kujitambulisha hutaja mlima wake, mto wake, na mtumbwi uliowaleta wazee wake: Tainui, Te Arawa, Mataatua na mingineyo. Hata hivyo wana ngano kongwe kuliko mitumbwi. Mbingu na Ardhi walikuwa mume na mke waliokumbatiana gizani, hata mwana wao Tane akawatenganisha kwa kuisukuma Mbingu kwa miguu. Baadaye akamfinyanga mwanamke wa kwanza kwa udongo. Na Maui, mjanja wao, alikivua kisiwa cha kaskazini kutoka vilindini kama avuliwavyo samaki, kwa ndoano iliyotengenezwa kwa taya la bibi yake. Vijana walicheka sana kwa hilo taya. Tuliwaambia wasilitupe, litatufaa mbele.

Kwa muda mrefu watoto wa New Zealand walifundishwa kwamba mitumbwi ilikuwa saba, ikaja kwa pamoja mwaka 1350. Habari ya msafara huo mmoja ilienezwa na Mzungu Percy Smith, aliyeunganisha masimulizi ya makabila mbalimbali na kuyapa tarehe. Mwaka 1976 David Simmons alitoa kitabu kuonyesha kuwa msafara wa namna hiyo haukutegemea masimulizi ya asili ya makabila yenyewe. Kila kabila lilikuwa na mtumbwi wake na siku zake. Tulipotamka neno "saba," binti mmoja, ambaye wazee wake ni wa pwani ya kusini ya Tanzania, alikunja uso akasema: "Mwalimu, mbona na sisi ni saba?"

Naam, na sisi ni saba. Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya kumi na sita zasema kwamba mfalme mmoja wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji. Akajua nchi itaharibika. Akaondoka na wanawe sita, kila mmoja na chombo chake, majahazi saba. Mmoja alishukia Mombasa, mmoja Pemba, mmoja Kilwa, mmoja Nzuwani. Aliyefika Kilwa alimkuta mwenyeji, ambaye riwaya ya mdomo humwita Mrimba, akataka kukinunua kisiwa. Bei ilikuwa nguo, za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Zikatandazwa, Mrimba akazikusanya akahamia bara. Siku hizo mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yakitoka. Mrimba alipotaka kurudi kwa vita, wageni walikwisha kuuchimba mkondo, na wengine husimulia kuwa ilisomwa Kurani na kuchinjwa sadaka. Bahari ikajaa pale, haikukupwa tena.

Tulisimuliwa kisa hiki tukiwa wadogo, na kila mara tulikuwa upande wa wenye majahazi. Hakuna aliyetufunza kumtazama Mrimba akiwa ng'ambo, nguo begani, akiyaangalia maji yaliyojaa. Mkazi wa Lawrence Heights hana budi kumtazama.

Kwanza, kwa sababu hapa tulipo nako palichukuliwa kwa nguo. Mwaka 1787 Waingereza walikutana na wakuu wa Wamississauga wakawapa, kwa ardhi ya Toronto, vioo 120, masufuria ya shaba 24, kofia za kurembwa 24, mawe 2,000 ya kuwashia bunduki, galoni 96 za pombe kali, na mzigo mmoja wa kitambaa cha maua. Hati ya mauzo ilipotazamwa baadaye ilikutwa tupu, haina mipaka iliyoandikwa. Mwaka 1805 yalifanywa mapatano mapya, kwa shilingi kumi, juu ya ekari 250,830, na mtaa wetu umo ndani ya ekari hizo. Madai ya Wamississauga yalimalizwa mwaka 2010 kwa malipo ya dola milioni 145. Watu hawa ni jamaa wa Waanishinaabe, nao husimulia kwamba baada ya gharika mnyama mdogo wa majini, mfano wa panya, alipiga mbizi akaleta konzi ya udongo, ukawekwa juu ya mgongo wa kobe, ukawa nchi. Kilwa panya aliitoboa nchi. Huku panya ndiye aliyeileta.

Pili, kuna mambo ya mtaa wenyewe. Nyumba zetu zilijengwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, juu ya ardhi iliyokuwa ya mashamba. Kisha barabara kuu ya Allen ikaupasua mtaa katikati. Ilikusudiwa iteremke hadi katikati ya mji. Watu wa mitaa ya kusini wakapiga kelele, ikasimamishwa mwaka 1971, lakini sehemu ya kwetu ilikuwa imekwisha kujengwa. Mwaka 2011 baraza la mji lilipitisha mpango wa kubomoa na kujenga upya: nyumba 1,208 za wapangaji zirejeshwe zote, na kando yake maelfu ya nyumba za kuuza. Wapangaji wakaahidiwa haki ya kurudi. Familia nyingine zimekwisha kurudi, zimo katika majengo mapya yenye lifti. Nyingine zingali zikingoja zamu yao. Neno hilo, "haki ya kurudi," vijana walilitamka wenyewe tulipofika kwa Mrimba. Sisi hatukuwapa.

Je, majahazi saba ni kweli? Swali hili liliulizwa kwa sauti, nasi tulilipenda. Neville Chittick alichimba Kilwa tangu mwaka 1958 hadi miaka ya 1960, akaona kwamba utawala wa Washirazi ulianza karibu mwaka 1200, nyuma sana ya tarehe za vitabu. Baadaye Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya nane, katika mji ulioanzwa na watu wa huko huko. Ikafika wakati wataalamu wengi waliihesabu habari ya Shiraz kuwa majigambo ya wenye majumba ya mawe. Kisha Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, katika miji sita ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, na mmoja wa bara. Katika watu wa pwani ilikutwa nasaba ya pande mbili. Upande wa Afrika uliingia zaidi kwa mama. Upande wa Asia, hasa wa Uajemi, uliingia zaidi kwa baba, na kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Wazee, basi, hawakusema uongo kuhusu jahazi. Ila ikumbukwe kwamba makaburi yaliyochunguzwa yalikuwa mengi ya wenye hadhi, karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima hawakuulizwa.

Vijana waligundua jambo jingine ambalo sisi hatukulijua, na tunaliandika hapa kwa kuwa limewafurahisha: mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka huo huo ikakiandika SGang Gwaay, kijiji cha Wahaida ambacho nguzo zake zingali zimesimama mbele ya bahari.

Sasa turudi kwenye taya la bibi. Riwaya ya mdomo ya Kilwa haiishii kwenye nguo. Husema kuwa mgeni yule alimwoa binti wa Mrimba, wakapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo alipokua akaenda kumzuru babu yake, naye akamkabidhi utawala. Watu wa bara ya Kilwa, yaani Wamwera, Wamakonde na Wayao, hufuata ukoo kwa upande wa mama. Kwa mizani yao mtoto yule alikuwa na haki ya nchi hata pasipo kipande kimoja cha nguo. João de Barros, Mreno aliyeandika mwaka 1552, ana habari tofauti: Ali wa Kilwa alidharauliwa na nduguze kule Shiraz kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, ndipo akatafuta nchi ya kukaa. Katika kila riwaya, basi, mama yupo, na katika kila riwaya amepita bila jina. Tumehifadhi ndoto ya mfalme, pua ya panya na idadi ya vyombo. Binti wa Mrimba hatujui aliitwaje.

Mhaida asingelistahimili jambo hilo. Kwake kila mtu ni wa upande wa Kunguru au wa upande wa Tai, na upande huo huupata kwa mama yake. Kisha huoa katika upande wa pili, hata kila nyumba ikawa na wote wawili. Ndugu zetu wa Ngazidja, ambao nyumba na shamba la ukoo hushuka kwa mabinti, watatucheka kwa kusafiri mpaka Haida Gwaii kutafuta jambo lililoko Moroni. Wacheke tu.

Tunalisema hili kwa uzito kidogo kwa sababu neno Shirazi halikubaki vitabuni. Wazee wetu waliandikishwa kwalo katika hesabu za watu za kikoloni, likaingia katika jina la chama kilichoundwa Unguja mwaka 1957, na Januari 1964 swali la asili liliulizwa milangoni, na jawabu liliamua nani abaki hai. Wako kati yetu hapa Toronto walioondoka nyumbani kwa sababu ya swali hilo, na wako ambao jamaa zao walikuwa upande wa pili. Tunakaa pamoja, twasali safu moja, na hatulizungumzi. Mzazi anapomwambia mwanawe, "Sisi si watu wa Afrika, sisi ni wa majahazi," jirani Msomali au Mjamaika akiwa amesimama hapo hapo na mfuko wake wa sokoni, hupandikiza mbegu ambayo sisi wenye umri huu tumeyaona matunda yake. Na humwondolea mtoto nusu ya haki aliyo nayo ya kusema kwamba yeye ni mtu wa pwani ile, maana nusu hiyo hakuinunua mtu kwa nguo.

Vijana wamekwisha kuikabidhi kazi ya shule. Waliandika safu tatu badala ya mbili, na mwalimu wao akazipokea zote. Kazi ya pili tumewapa sisi. Kila mmoja ameletewa karatasi ndefu ya kuandikia nasaba mbili. Upande wa baba wengi wamefika jina la saba, na wachache wamepita hapo. Upande wa mama, yaani mama, mama wa mama, na mama wa huyo, wengi wamekwama jina la tatu.

Kwa hiyo tunawaomba akina bibi wote wa mtaa, wa Varna Drive, wa Flemington Road na wa majengo mapya, waje Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya sala ya adhuhuri. Wasiokumbuka majina wapige simu nyumbani kabla ya hapo, Kilwa au Lamu, Nzuwani au Kisangani, wawaulize dada zao wakubwa. Tutakaa chumba cha chini, hakuna ngazi za kupanda. Karatasi na kalamu zipo. Wenye kuleta kaimati walete.